Mwana-kondoo wa Pasaka na Mwisho wa Kafara

Kitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya Yubile ya dayosisi yetu. Msomaji aweza kustaajabu kukuta ndani yake habari za wana-kondoo na madhabahu za kale, mahali alipotazamia habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Habari hizo zina mahali pake. Lakini neno lenyewe, Yubile, ndilo linalotuelekeza huku. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliagizwa kuhesabu miaka saba mara saba, na mwaka wa 50 wapige baragumu katika nchi yao yote. Mwaka huo mtu aliyejiuza kwa sababu ya umaskini alirudi kwa jamaa zake, na shamba lililouzwa kwa shida lilirudi kwa wenyewe. Tena siku ya kulipiga baragumu hilo iliwekwa: siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho, siku ile ile kuhani mkuu aliyoingia patakatifu pa patakatifu na damu ya sadaka. Kwanza watu wapatanishwe na Mungu, kisha wafungwa waende zao.

Kwa hiyo tumeona vema, katika mwaka huu wa furaha, kuwaeleza Wakristo wa mitaa yetu na waalimu wao habari za mwana-kondoo wa Pasaka: alianza wapi, aliingiaje katika ibada zetu, na ana maana gani kwa watu wanaokaa katika nchi ambazo neno kafara lingali likitajwa kwa hofu.

1. Usiku wa kutoka Misri

Habari ya kwanza imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Waisraeli walikuwa watumwa wa Farao, wakifanyizwa kazi ya matofali. Bwana akamwagiza Musa kwamba siku ya kumi ya mwezi kila nyumba itwae mwana-kondoo mume wa mwaka mmoja asiye na ila, wa kondoo au wa mbuzi, wamweke mpaka siku ya kumi na nne, ndipo wamchinje jioni. Damu yake waipake kwa kitawi cha hisopo katika miimo miwili ya mlango na katika kizingiti cha juu. Nyama waile usiku ule ule, imeokwa motoni, pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu. Wasimvunje mfupa hata mmoja, wala wasisaze kitu mpaka asubuhi. Tena wale kwa haraka, viuno vimefungwa, viatu miguuni, fimbo mkononi, kama wasafiri wanaongoja kuitwa.

Hapo yatupasa kuangalia mambo mawili. La kwanza, mwana-kondoo huyo alikuwa chakula. Nyumba iliyokuwa na watu wachache iliagizwa kushirikiana na jirani yake, kila mtu kwa kadiri ya kula kwake. Hapakuwa na mtu wa kulala njaa usiku ule kwa sababu hakuwa na kundi. La pili, damu ilikuwa ishara juu ya nyumba. Katika sura ile haisemwi kwamba mwana-kondoo alichukua dhambi za mtu. Yasemwa kwamba hukumu ilipoiona ishara ilipita. Katika nyumba za Wamisri kilikuwapo kilio kikuu, kwa kuwa wazaliwa wa kwanza walikufa, na Maandiko hayakificha kilio hicho. Kwa Kiebrania sikukuu hii yaitwa Pesaki. Wayunani wakaiita Paska, nasi twasema Pasaka.

Basi mwana-kondoo wa Pasaka kwanza ni mwana-kondoo wa uhuru. Alikuwa chakula cha watumwa katika usiku wa mwisho wa utumwa wao.

2. Sadaka za hekaluni

Mara nyingi sadaka za Agano la Kale huchanganywa pamoja, kana kwamba zote ni moja. Afadhali waalimu wazitenge, maana kila moja ina somo lake. Ilikuwako Pasaka, mara moja kwa mwaka katika mwezi wa Nisani. Ilikuwako sadaka ya kila siku, wana-kondoo wawili, mmoja asubuhi na mmoja jioni, kama ilivyoandikwa katika Kutoka sura ya 29. Tena ilikuwako Siku ya Upatanisho, ambayo habari zake zimo katika Walawi sura ya 16. Siku hiyo kuhani mkuu alitoa kwanza ng'ombe dume kwa ajili ya dhambi yake mwenyewe na nyumba yake, maana hata yeye hakuwa safi. Kisha waliletwa mbuzi wawili, wakapigiwa kura. Mmoja alichinjwa, na damu yake ikanyunyizwa mbele ya kiti cha rehema. Juu ya kichwa cha wa pili kuhani aliweka mikono yake miwili, akaungama maovu yote ya watu, na mbuzi akapelekwa jangwani kwa mkono wa mtu aliyewekwa tayari, asirudi tena.

Twaona, basi, ya kuwa mnyama aliyechukua dhambi alikuwa mbuzi, na mwana-kondoo wa Pasaka alikuwa na kazi nyingine. Mambo hayo yalianza kukutana katika kitabu cha nabii Isaya, sura ya 53. Huko yuko Mtumishi wa Bwana, aliyenyamaza kama mwana-kondoo apelekwaye kuchinjwa, naye akayachukua maovu ya wengi. Huyo si mnyama tena. Ni mtu, naye alijitoa. Hata Yohana Mbatizaji aliposimama karibu na Yordani, akamwonyesha Yesu kuwa Mwana-kondoo wa Mungu aiondoaye dhambi ya ulimwengu, vijito vyote vilikuwa vimekwisha ingia katika mto mmoja.

Neno letu kafara tumelipata kwa Waarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania linalotajwa katika jina la Siku ya Upatanisho, Yom Kippur. Jirani zetu Waislamu nao hukumbuka sadaka ya Ibrahimu kila mwaka katika Idi ya kuchinja. Na watu wa bara, kabla hawajasikia Injili, walikuwa na sadaka zao: Wakikuyu, mvua ilipokawia, walitoa mwana-kondoo wa rangi moja asiye na ila chini ya mti wa mugumo, wakielekea mlima Kirinyaga. Kwa hiyo mtu wa nchi zetu hakungoja kufundishwa na mgeni ya kuwa kati ya mwanadamu na mbingu pamekosekana kitu, na ya kuwa mnyama safi aweza kuwa alama ya kitu hicho. Alilojua nusu alikuja kuelezwa lote.

Walakini hata katika Israeli manabii waliona hatari. Isaya katika sura yake ya kwanza, Amosi katika ya tano, na Mika katika ya sita, wote walisema kwamba Mungu amechoshwa na mafuta ya kondoo waume na damu ya ng'ombe, maadam yatima hatetewi na maskini ameonewa. Mtu aweza kuleta mnyama asiye na ila, na mikono inayomleta imejaa ila. Onyo hilo tulishike, tutalihitaji mbele.

3. Saa tisa

Zamani za Bwana wetu wana-kondoo wa Pasaka walichinjwa Yerusalemu katika hekalu, na watu walikuja kutoka nchi nyingi. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ile ya kwanza, ameandika kwamba mwaka mmoja makuhani waliwahesabu, wakaona wamezidi 250,000. Wenye elimu hudhani ya kuwa alitia chumvi. Lakini hata tukitwaa sehemu moja ya kumi ya hesabu yake, ni wanyama 25,000 katika alasiri moja. Mishna, kitabu cha mapokeo ya Wayahudi kilichokusanywa karibu na mwaka 200, chaeleza jinsi kazi ilivyofanyika. Watu waliingia uani kwa makundi matatu. Makuhani walisimama safu safu, wameshika mabakuli ya fedha na ya dhahabu, wakipokezana damu mkono kwa mkono mpaka madhabahuni, na Walawi huku wakiimba Zaburi za sifa.

Josephus huyo asema saa za kuchinja zilikuwa tangu saa tisa hata saa kumi na moja. Hapo msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko wengi. Mzungu asomapo Injili hana budi kubadili hesabu ya saa, maana yeye huanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi twahesabu tangu kucha, kama walivyohesabu watu wa Biblia. Saa tisa yao ni saa tisa yetu, wakati jua linapoanza kuinama na kivuli kurefuka. Nayo Injili ya Marko yasema Bwana wetu alikata roho saa tisa.

Injili ya Mathayo, ya Marko na ya Luka zaonyesha ya kuwa karamu ya mwisho ilikuwa karamu ya Pasaka. Yohana aonyesha ya kuwa Bwana alisulibiwa siku ya maandalio, kabla Wayahudi hawajala Pasaka yao. Wenye elimu wamejadili jambo hili karne nyingi, nasi hatuna haja ya kulazimisha jibu. Wale watatu watufundisha ya kuwa Yesu alikaa mezani akatoa mwili wake kuwa chakula. Yohana atufundisha ya kuwa wakati wana-kondoo walipokuwa wakipelekwa hekaluni, Mwana-kondoo mwenyewe alikuwa nje ya mji. Yohana huyo akumbuka ya kuwa sifongo ya siki ilitiwa katika hisopo, jani lile lile la usiku wa Misri, na ya kuwa askari hawakuvunja mifupa yake.

Lakini kuna neno jingine katika Yohana, sura ya 11, ambalo mara nyingi twalipita upesi. Kayafa, kuhani mkuu, aliona hatari ya Warumi, akawashauri wakubwa wenziwe kwamba yafaa mtu mmoja afe ili taifa lote lisiangamie. Tulifikiri shauri hilo. Halikuwa shauri la mwenda wazimu. Ni shauri la mtawala mwenye hesabu. Watu wamo katika hofu, basi atafutwe mmoja abebeshwe hofu yao, nao wapone. Hilo ndilo kafara ya wanadamu, nayo ni ya zamani kuliko hekalu. Mungu aliingia ndani ya shauri hilo baya na kuligeuza. Kayafa alidhani anamtoa mtu. Kumbe Mungu anajitoa mwenyewe.

Mwaka 70 majeshi ya Rumi chini ya Tito yaliliteketeza hekalu, na sadaka zake zikakoma. Wayahudi waliendelea kuishika Pasaka majumbani mwao, nao waishika hata leo, bila mwana-kondoo wa kuchinjwa madhabahuni. Ni Wasamaria tu, watu wachache sana, ambao kila mwaka wangali wakichinja wana-kondoo juu ya mlima Gerizimu.

4. Pasaka katika Kanisa

Karibu na mwaka 55 Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika sura ya tano ya waraka wake wa kwanza, kwamba Kristo ndiye Pasaka yetu aliyekwisha tolewa. Hawaelezi neno hilo. Alitaja tu kama jambo wanalolijua. Kwa hiyo twajua ya kuwa miaka ishirini na kitu baada ya msalaba, hata Wakristo wasiokuwa Wayahudi walikwisha fundishwa habari za mwana-kondoo.

Katika karne ya pili Melito, askofu wa Sardi katika Asia Ndogo, alitunga hotuba ya Pasaka akilinganisha usiku wa Misri na mateso ya Bwana. Hotuba hiyo ilipotea karne nyingi, ikapatikana tena katika makaratasi ya kale ya mafunjo, ikachapwa mwaka 1940. Ni hotuba nzuri, lakini ina doa ambalo haifai tulifiche. Melito aliwatupia Wayahudi lawama yote ya kifo cha Bwana. Wengi walimfuata katika kosa hilo, na katika nchi za Ulaya Ijumaa Kuu ikawa mara kwa mara siku ya Wayahudi kupigwa na kuuawa. Angalieni jinsi jambo lilivyogeuka: watu waliokombolewa na Mwana-kondoo walitafuta wengine wa kubebeshwa dhambi. Shauri la Kayafa lilirudi kwa mlango wa nyuma, likiwa limevaa mavazi ya Kanisa.

Tena palikuwa na ubishi wa siku. Wakristo wa Asia waliishika Pasaka siku ya kumi na nne ya mwezi, iwayo yote. Wa Rumi waliishika Jumapili. Karibu na mwaka 155 Polikarpo, askofu wa Smirna, mzee sana, alisafiri mpaka Rumi kwa Askofu Anikto. Hawakuweza kushawishiana. Hata hivyo Anikto alimpa mgeni wake heshima ya kuadhimisha Ekaristi katika kanisa lake, nao wakaachana kwa amani. Miaka kama 35 baadaye Askofu Vikta wa Rumi alitaka kuwatenga watu wa Asia, na Irenayo wa Lyon akamsihi asifanye hivyo, akimkumbusha wale wazee wawili. Baraza la Nikea la mwaka 325 liliamua ya kuwa Wakristo wote wafanye Pasaka Jumapili moja. Hata leo makanisa ya Mashariki na ya Magharibi hayajalingana katika hesabu ya miezi, ila miaka mingine huangukia siku moja. Mfano wa Polikarpo na Anikto ungali wafaa: hawakulingana katika tarehe ya kumkumbuka Mwana-kondoo, wala hawakumfanya Mwana-kondoo kuwa sababu ya vita.

Wimbo tuimbao wakati wa kuumega mkate, tukimwomba Mwana-kondoo wa Mungu atuhurumie na kutupa amani, uliamriwa Rumi na Papa Sergio wa Kwanza, aliyekuwa askofu huko tangu mwaka 687 hata 701. Jamaa yake walikuwa watu wa Shamu. Alitaka uimbwe na makasisi pamoja na watu wote. Katika miaka ile ile, mwaka 692, baraza lililofanyika Konstantinopoli liliagiza katika kanuni yake ya 82 kwamba Kristo asichorwe tena kwa sura ya mwana-kondoo, ila kwa sura ya mtu, kusudi watu wakumbuke ya kuwa kweli alikuwa mwenye mwili akateswa. Rumi haikuikubali kanuni hiyo. Sisi twaweza kujifunza kwa pande zote mbili: tuimbe habari za Mwana-kondoo, lakini tusisahau ya kuwa huyo alikuwa mtu, mwenye mama, aliyeona kiu.

5. Fidia alilipwa nani?

Sasa twafikia swali ambalo waalimu huulizwa na wanafunzi wa ubatizo, nalo ni swali la haki. Kama Yesu alitoa uhai wake kuwa fidia, fidia hiyo alilipwa nani? Je, Mungu alikuwa na kiu ya damu?

Origene wa Iskanderia, aliyekufa karibu na mwaka 254, alidhani fidia ililipwa kwa Shetani, maana yeye ndiye aliyewashika watu kama mateka. Wengi walilipenda jibu hilo. Lakini Gregorio wa Nazianzo, katika hotuba yake ya Pasaka ya karne ya nne, alilikataa. Aliona ni aibu kusema ya kuwa mnyang'anyi alipata malipo, tena malipo makubwa namna ile. Akauliza tena: je, ililipwa kwa Baba? Kwa sababu gani, na ilhali Baba hakukubali hata Isaka achinjwe, akaweka kondoo mahali pake? Jibu lake lilikuwa kwamba Baba hakuidai damu hiyo wala hakuihitaji. Aliipokea kwa kuwa sisi ndio tuliohitaji kutakaswa na kufunguliwa.

Mwaka 1098 Anselmi, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu chake juu ya sababu ya Mungu kuwa mtu. Yeye alitumia mfano wa deni. Dhambi ni kumnyima Mungu heshima iliyo yake, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini mdaiwa hana kitu ambacho si cha Mungu tayari. Ndipo Mungu mwenyewe akawa mtu, apate kulipa kwa upande wa watu. Petro Abelardo, aliyeishi baada yake kidogo, alikaza kwamba msalaba ni upendo unaouvuta moyo wa mwenye dhambi mpaka nao upende.

Hakuna baraza la Kanisa zima lililoamua moja katika maelezo hayo na kukataza mengine. Imani ya Nikea yasema tu kwamba alishuka kwa ajili yetu na kwa wokovu wetu. Lakini katika yote liko neno moja lisilobadilika, nalo ndilo tunalotaka wasomaji wetu wachukue nyumbani. Katika kafara za watu, mtu hutoa na mungu hupokea, na mtoaji hutumaini kumtuliza aliye na hasira. Katika Pasaka mtoaji ni Mungu. Paulo aliwaambia Wakorintho, katika waraka wa pili sura ya tano, kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Tena Mwana hakushikwa kwa nguvu kama mnyama. Katika Yohana sura ya 10 asema hakuna amwondoleaye uhai wake, yeye autoa mwenyewe. Kiswahili chetu chalieleza vema: upatanisho watoka katika kupatana, na watu hupatana aliyekosewa akikubali kutoka nyumbani mwake kumwendea aliyekosa.

Katika kitabu cha Ufunuo Kristo aitwa Mwana-kondoo mara 28. Katika sura ya tano Yohana anasikia habari za Simba wa kabila la Yuda, akigeuka kutazama anamwona Mwana-kondoo, amesimama, naye ana alama za kuchinjwa. Aliyechinjwa amesimama: hiyo ndiyo Pasaka nzima.

6. Bei ya mtu katika Unguja

Mahali pamoja katika pwani yetu mafundisho haya yaliandikwa kwa mawe. Mjini Unguja palikuwa na soko ambalo watu waliotekwa bara, wengi wao kutoka pande za ziwa Nyasa, waliuzwa mnadani kama mifugo. Wanunuzi waliwatazama meno na mikono, wakitafuta asiye na ila. Tarehe 5 Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kulifunga soko hilo. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa katika kiwanja kile. Edward Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi. Alipokufa mwaka 1882 alizikwa nyuma ya madhabahu, na yasimuliwa ya kuwa madhabahu yenyewe imesimama mahali palipokuwa na mti waliofungwa watumwa wakipigwa.

Steere huyo ndiye aliyetafsiri sehemu kubwa ya Maandiko katika Kiswahili cha Unguja. Biblia nzima ilichapwa mwaka 1891. Katika mji ule neno kukomboa halikuhitaji maelezo. Kila mtu alijua kukomboa ni kutoa mali ili mtu aliye mkononi mwa mwingine awe huru. Wasikilizaji wengine walikuwa wamekwisha wekewa bei hadharani. Walipoambiwa ya kuwa Mungu amewakomboa kwa uhai wa Mwanawe, hawakusikia fumbo la chuoni. Walisikia habari ya shingo zao wenyewe.

Hata hivyo tusijisifu. Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria ya Unguja iliendelea kuutambua mpaka mwaka 1897. Tena Wakristo wa Ulaya walinunua na kuuza watu wa Afrika karne nyingi, wakitoka kanisani siku ya Pasaka na kurudi kwenye biashara yao. Walimla Mwana-kondoo wa uhuru, nao walikuwa Farao.

7. Mwisho wa kafara

Waraka kwa Waebrania wafundisha ya kuwa Kristo alijitoa mara moja tu, na baada yake hapana tena sadaka kwa ajili ya dhambi. Watu wengi hulifahamu neno hili kuwa ni juu ya ng'ombe na kondoo wa hekaluni, mambo yaliyopita. Sisi twasema ni juu ya nyumba zetu.

Tangu miaka ya 2000 katika nchi zetu, hasa katika Tanzania pande za ziwa Nyanza, watu wenye ualbino wameuawa au kukatwa viungo, kwa kuwa wachawi wamewaahidi wanunuzi utajiri. Katika pande zile zile bibi vizee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, pengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mtoto amekufa, ng'ombe amekufa, mvua imekosekana. Kijiji kina hofu, naye atafutwa mmoja wa kubeba. Ni shauri la Kayafa, neno kwa neno. Wengine waliolikubali huketi nasi kanisani, nao huimba wimbo wa Mwana-kondoo.

Ziko na kafara ndogo zisizomwaga damu. Ndugu hugombana, na kosa lote hutupwa juu ya mkwe mgeni. Shule hushindwa, na mwanafunzi mmoja hufukuzwa ili wengine waonekane wema. Mtu huiba mali ya chama, kisha huleta sadaka kubwa kanisani siku ya sikukuu, akidhani amemfumba Mungu macho. Manabii walikwisha kumjibu huyo kabla hajazaliwa.

Neno la Pasaka ni hili: kafara imekwisha. Mungu ametoa, wala hadai tena mtu, wala hanunuliwi. Kwa hiyo amtoaye mwenziwe apate kupona yeye, awe amemtoa kwa kisu au kwa ulimi, amekana ya kuwa Mwana-kondoo alitosha.

Twawaomba waalimu walifundishe jambo hili katika wiki za Kwaresima, kwa maneno yaliyo wazi, wakitaja mambo ya kijijini kwao. Wazee wa kanisa nao wawe wa kwanza kusimama mlangoni pa bibi kizee anaposingiziwa, kama damu ilivyokuwa ishara katika mlango, ili hukumu ya watu ipite. Na kila nyumba katika mwaka huu wa Yubile itafute deni moja la kusamehe na ugomvi mmoja wa kupatanisha, maana baragumu la uhuru hupigwa Siku ya Upatanisho.

Usiku wa Misri watu walikula wamesimama, fimbo mkononi, kwa kuwa walikuwa wakitoka utumwani. Nasi tuijongeapo meza ya Bwana asubuhi ya Pasaka, tuje kama watu wanaotoka, tusiache nyuma yetu mtu ye yote amefungwa kwa ajili yetu. Kwake Mwana-kondoo aliyechinjwa, naye amesimama, iwe heshima na shukrani sasa na siku zote. Amina.